Daraja juu ya vipandikizi: kauri tupu au chuma chenye poseleni?

Bwawani77: Wakuu, naomba msaada. Vipandikizi vyangu vya meno, zile skrubu zinazokaa badala ya mizizi, vimeshashika kwenye mfupa. Alhamisi narudi kuchukuliwa vipimo vya daraja, yaani meno ya bandia yaliyounganishwa yatakayokaa juu yake. Nimeambiwa nichague kauri tupu, yaani zirkonia, au chuma kilichovikwa poseleni. Kipi kinadumu? Bei zinakaribiana.

Fundi_Kauri: Mkuu, ni mbele au nyuma? Meno mangapi? Unasaga meno usiku? Bila hayo tutabahatisha tu.

Bwawani77: Samahani. Magego ya chini kulia, vipandikizi 2 vinabeba meno 3. Kusaga nasaga, mke wangu huamka.

Fundi_Kauri: Basi kaulize zirkonia ipi. Kuna inayochongwa nzima kutoka kwenye bonge moja, na kuna kiunzi cha zirkonia kinachopakwa poseleni juu. Kiunzi ni kigumu, kinachobanduka ni lile ganda. Mapitio ya tafiti ya 2018 yalikuta kwamba baada ya miaka 5, madaraja ya chuma na poseleni yalikuwa bado kinywani kwa asilimia 98.7, ya zirkonia yenye ganda 93. Na kipandikizi hakina ule utando unaolipatia jino la asili mnepo kidogo, kwa hiyo kishindo chote kinaishia kwenye kauri. Mimi ningechukua nzima, haina ganda la kubanduka.

MamaTausi: Mie nasema chuma. Niliwekewa hiyo ya ganda. Mwezi wa nane, nakula bisi, nikahisi mchanga mdomoni. Kutema, kipande cheupe kama punje ya mchele! Ulimi ukawa unakwaruzwa kila nikimeza. Na kwa vile lilikuwa limegandishwa kwa saruji ya meno, kulitoa ikabidi likatwe. Nikalipa upya lote. Mwanangu, uchague lolote, lakini lifungwe kwa skrubu.

Mtanga_Halisi: Zirkonia nzima itakumalizia meno ya juu, ile ni jiwe.

Fundi_Kauri: Sivyo ndugu yangu. Inayokula meno ya juu ni iliyoachwa na mikwaruzo. Daktari akiipunguza kwa mashine, lazima aing'arishe tena.

Mtanga_Halisi: Wangapi wanaing'arisha? Bora India.

MamaTausi: Likilegea skrubu utapanda ndege?

Mtanga_Halisi: Binamu yangu kaenda mara mbili, hajajuta.

Bwawani77: Nimepiga simu kliniki kuuliza kama yao ni nzima au ya ganda. Mapokezi hawajui, nimsubiri daktari.

MamaTausi: Na kifaa cha kuvaa usiku, kwa huko kusaga?

Bwawani77: Hajanitajia.