Acheni kuwapotosha wasafiri kuhusu flashi na diski za filamu za kunakili!

Wakuu, salaam.

Ushauri unaogawiwa kwenye magrupu ya wasafiri wa Muscat, Dubai na Ulaya kuhusu kubeba filamu na nyimbo za kunakili unawaponza watu, na anayeutoa huwa hayupo mwenzake anapowekwa pembeni na begi lake. "Ni matumizi binafsi, pita tu njia ya kijani, ya wasio na cha kutangaza forodhani." "Ficha folda, badili majina ya faili." "Forodha hawana muda na flashi." Yote matatu yanapotosha.

Mnachanganya mambo ambayo kila moja lina sheria yake. Hakimiliki ni swali la nani aliruhusu nakala itengenezwe. Maudhui ni swali la kilichomo ndani, hata kama umekinunua kwa risiti halali. Biashara ni swali la idadi: huu ni mzigo wa mtu au wa duka? Hadidiski ileile inaweza kupita kwenye moja ikakwama kwenye jingine.

Kifungu cha 60 cha TRIPS, mkataba wa biashara wa kimataifa kuhusu hakimiliki na alama za biashara, unaotumika tangu 1995, kinaziruhusu nchi zisiguse vitu vichache visivyo vya biashara vilivyomo kwenye mizigo binafsi ya msafiri. Kinaziruhusu, hakizilazimishi. Umoja wa Ulaya umeitumia ruhusa hiyo: Kanuni 608/2013 inasema wazi kwamba haihusu bidhaa zisizo za kibiashara kwenye mizigo ya msafiri. Basi watu wanakimbilia kuandika "Ulaya ruksa". Si kweli! Kanuni ile haifuti sheria za ndani za nchi, na Ufaransa na Italia zina adhabu zinazomfikia hata aliyenunua bidhaa bandia kwa ajili yake mwenyewe.

Marekani ndiko mnakonukuu nusu nusu. Kifungu cha 602 cha sheria yao ya hakimiliki kinampa msafiri nafuu kwa nakala zilizo kwenye mizigo yake. Sawa. Someni basi na kijifungu (b) hapohapo: nakala ambayo kutengenezwa kwake kungekuwa uvunjaji wa hakimiliki kwa sheria ya Marekani, kuiingiza ni marufuku. Nafuu ile ni ya diski halali iliyonunuliwa nchi nyingine. Diski iliyochomwa kibandani Kariakoo haimo.

Na kurudi nyumbani? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Pili, inapiga marufuku bidhaa bandia za kila aina, na ponografia katika chombo chochote. Hakuna pale mstari unaotaja nakala ngapi zinasamehewa. Hapa nawalaumu wenye mamlaka bila kumung'unya maneno. Msafiri akisoma "bidhaa bandia" anafikiria viatu na mikoba, na hakuna anayemwandikia kwa Kiswahili cha kawaida kwamba diski ya kunakili nayo inaweza kuhesabiwa humo. Mtu anaambiwa akiwa ameshafungua begi mezani.

Afisa anaangalia nini? Akishika CD anaigeuza. Iliyochomwa ina rangi upande wa chini, buluu, kijani au zambarau, kwa sababu ya tabaka la rangi linalounguzwa na leza wakati wa kuandika. Ya kiwandani ni ya fedha, na kwenye duara la ndani, karibu na tundu, ina maandishi madogo sana yanayoanza na IFPI (kifupi cha shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki), alama iliyoanza kuwekwa 1994. Rangi ya fedha peke yake haithibitishi kitu, maana wapo wezi wenye viwanda. Halafu anahesabu. Diski hamsini za filamu hamsini tofauti zinaelezeka. Diski kumi za filamu moja ni bidhaa, hata uapie nini. Ndivyo ilivyo kwa flashi kumi na tano za GB 16 zenye mafolda yaleyale, au bunda la makava yaliyochapwa yasiyo na diski. Stempu ya kodi ya TRA au hakigram (stika ya uhalisi) ya COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, inaweza kuwa na maana kwa afisa wa Tanzania. Usitegemee imwambie kitu afisa wa Frankfurt.

Ghuba ni habari nyingine kabisa. Oman, Falme za Kiarabu na Saudia, jambo zito ni maudhui. Picha za ngono huko ni jinai, usidhani utanyang'anywa flashi kisha uende zako. Na hatari kubwa haiko kwenye filamu ulizozipanga vizuri kwenye folda, iko kwenye simu, kwenye vitu ambavyo hata hukuvitafuta. Grupu moja la watu mia mbili linatosha kukujazia uchafu. Fungua kidhibiti faili cha Android, ingia Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Angalia WhatsApp Images na WhatsApp Video, na ndani ya kila moja kuna folda ya Sent ambayo watu huisahau. Washa kuonyesha faili zilizofichwa, utaona folda ya .Statuses yenye video za hali za watu ulizotazama. Kabla ya yote hayo zima upakuaji wa otomatiki kwenye mipangilio, la sivyo utasafisha saa mbili na saa tatu vimerudi.

Kufuta nako mnafundisha vibaya. Galari huweka vilivyofutwa kwenye kapu la taka, kwa kawaida siku 30. Kwenye hadidiski, kufuta au kufomati kwa haraka huondoa orodha tu; data yenyewe inabaki mpaka iandikwe juu yake, na programu ya kurejesha faili inaitoa kama ilivyokuwa. Kwenye Windows ondoa tiki ya Quick Format, iache ifomati kamili. Hadidiski ya TB 1 kwa waya wa USB 3.0 itachukua saa tatu hivi, kwa hiyo si kazi ya asubuhi ya safari. Ukishamaliza, rudishia vile tu unavyoweza kuvieleza: video ya harusi, taarab uliyorekodi ukumbini kwa ruhusa, picha za familia.

Na huo ujanja wa kubadili majina, acheni! Faili la GB 1.4 linaloitwa ripoti.docx linajisema lenyewe. Sehemu ya diski iliyofichwa inaonekana papo hapo kwenye Disk Management, dirisha la Windows linaloonyesha sehemu zote za diski. Mtu aliyekuwa na kosa dogo la hakimiliki mnamgeuza aliyeficha, na akiulizwa akakana, mnamwongezea la kudanganya.

Kufunga diski kwa nywila, kwa programu kama VeraCrypt au BitLocker, ni halali nchi nyingi, lakini jua unachokubali. New Zealand, tangu sheria yao ya forodha ya 2018, kukataa kutoa nywila bila sababu ya msingi kuna faini hadi dola 5,000 za kwao. Uingereza, ukihojiwa chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000, kukataa kwa makusudi ni kosa. Marekani wanaweza kukuzuilia kifaa, na asiye raia anaweza kukataliwa kuingia. Kwa agizo lao la Januari 2018 wanatakiwa wapekue kilichomo kwenye kifaa tu, si kilicho kwenye seva, ndiyo maana simu huwekwa kwenye hali ya ndegeni kwanza.

Kikichukuliwa chochote, dai karatasi. Marekani inaitwa fomu 6051D. Kwetu ni muhimu zaidi: kifungu cha 214 cha sheria ya Afrika Mashariki kinamtaka afisa akupe notisi ya maandishi ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa kitu kilikamatwa mbele yako, na msafiri karibu siku zote yupo. Mwezi wako wa kudai unaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Anayekuambia "utapigiwa simu" anakumalizia siku zako. Andika namba ya utambulisho (serial number) iliyo mgongoni mwa hadidiski kabla hujasafiri, maana "hadidiski nyeusi" kwenye fomu inaweza kuwa ya mtu yeyote.

———

Tarishi: Mkuu umesema vizuri, ila ongeza la posta. Watu wanaogopa uwanja wa ndege wanatuma diski kwa kifurushi, wakati kwa Ulaya hapo ndipo wanapojiingiza. Nafuu ya 608/2013 ni ya mizigo ya msafiri. Kifurushi chenye vipande vitatu au pungufu, au chini ya kilo mbili, kina utaratibu wake wa haraka wa kuharibiwa. Mpokeaji anapewa siku 10 za kazi kujieleza, na akinyamaza inaweza kuchukuliwa kuwa amekubali. Jamaa wa Hamburg anapata barua ya Kijerumani, haielewi, anaiweka juu ya friji. Zikipita siku hizo, basi.

Kasha la Bati: Na zile filamu zilizotafsiriwa na madijei, msidanganyike kwamba sauti ya Kiswahili juu yake inaifanya kazi mpya isiyo na mwenyewe. Haki ya kuruhusu tafsiri ni ya mwenye filamu, iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki. Umelipa shilingi zako kibandani kwa nia njema, lakini hujanunua haki.

Nahodha wa Nchi Kavu: Swali. Nikipewa flashi uwanjani nimpelekee ndugu wa mtu Sharjah?

Mleta uzi: Usipokee, ndugu yangu. Aliyebeba ndiye anayeulizwa. Kama ni mtu huwezi kumkatalia, mwambie alete siku mbili kabla, muifungue pamoja kwenye kompyuta, faili moja moja, na zilizofichwa zionyeshwe. Kama ni video ya harusi ya mwanawe, mwambie aipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni amtumie ndugu yake kiungo. GB 4 kwa bando la usiku zinaisha kabla ya alfajiri, na wewe unapanda ndege mikono mitupu.