"PEMBA NI HAPO TU": leo nimetukanwa uwanja wa ndege

Jamani, hata baibui sijavua. Yule kijana wa kaunta mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja, yule anayeandika kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa mtama. Leo kanifedhehesha mbele ya umma.

Tiketi yangu saa 2 asubuhi, uwanja wa Kisauni, Unguja, kwenda Chake, Pemba. Mdogo wangu anaozesha, akdi alasiri. Saa 2 ikapita, saa 4 ikapita, adhuhuri ikaadhiniwa. Kikapu cha halua nimekipakata, angekuwa mtoto mchanga keshaota meno. Nikamwendea kwa adabu: "Mwanangu, ndege yetu vipi?" Uso hakuinua. Akanijibu: "Bi mkubwa, Pemba ni hapo tu. Ungetoka na ngalawa asubuhi, saa hizi ushafika."

Ngalawa! Mimi! Foleni nzima ikacheka, hata mzungu asiyejua neno akacheka.

Kisauni hadi uwanja wa Chake kwa angani ni kama kilomita 125. Ndege ndogo nusu saa, hujakaa vizuri ushaiona mikarafuu. Hiyo nusu saa ndiyo niliyoilipia, sikulipia saa 8 za kiti cha chuma! Tumeitwa saa 10. Nafika nyumbani, akdi ishasomwa na sahani zinaoshwa.

Na ngalawa, jamani. Hebu apite yeye mkondo wa Nungwi na ngalawa, kusi imekaza, kisha aje atwambie Pemba ni hapo tu.

Mkarafuu Mkavu: Pole bi mkubwa. Halua ilifika nzima?

Mwana wa Mkoani: Nyie wa ndege mna deko. Mie juzi kwenye boti bahari imechafuka, jirani kanitapikia kanzu ya Ijumaa. Nusu saa gani mnalilia?

Mwenye uzi: Silii nusu saa. Nalilia NGALAWA.

Mkarafuu Mkavu: Hujajibu suala la halua.

Bint Malindi: Afadhali wewe umejibiwa. Mie nilikuwa natoka Dar kuja Unguja, kilomita 73 hivi, dakika 20 angani, nimeswali sala tatu pale pale uwanjani na hakuna aliyenambia kitu, hata ngalawa sikutajiwa.

Fuoni Juu: Mnasema ndege! Daladala ya 505 leo, mjini hadi uwanjani, kilomita 7, dakika 55. Ndege ya Pemba ingekwenda na inakaribia kurudi. Konda akimwona mtu njiani anajikuna kichwa, anadhani anasimamisha gari.

Mwana wa Mkoani: Huyo konda namjua! Kala chenji yangu mia tano.

Bint Malindi: Mwenye kofia nyekundu? Yangu kala elfu!

Mwenye uzi: Jamani, na yule wa ngalawa?

Fuoni Juu: Kofia nyekundu ni wa asubuhi. Wa jioni ndiye mbaya zaidi, ngojeni niwahadithie.