Nyumba ya urithi Tabata: tupandishe ghorofa, tubomoe, au tujenge uwani?

Kijana wa Tabata: Wakuu, marehemu mzee katuachia nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja mita 20 kwa 25, hati ipo. Tofali za inchi sita, nguzo haina hata moja. Ndugu wote tumekubaliana iwe ya kupangisha familia kadhaa. Ama tupandishe ghorofa juu ya hii hii, ama tubomoe tujenge jengo la nyumba sita, ama tuigawe iliyopo ziwe mbili na tuweke master nne (vyumba vyenye choo chake ndani) uwani. Tuna milioni 40.

FundiMstaafu: Ghorofa juu ya hiyo sahau. Nyumba isiyo na nguzo, ukuta ndio unaobeba paa. Ukipiga slabu unaubebesha mzigo ambao mzee hakuukusudia. Utaambiwa "tunachomeka nguzo tu". Nguzo inataka kitako chake chini ardhini. Ukimaliza kutindua umebakiwa na nyumba gani? Ukibisha, chimba kwenye kona uone msingi umeenda chini kiasi gani, kisha mwite mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi).

Mama Pango: Mimi nilijenga uwani, Kimara. Vyumba havikunisumbua, choo ndicho kilinitesa. Karo (shimo la maji taka) ya familia moja nikaiunganishia vyoo vitano. Masika ilipofika uwani hapakaliki, mpangaji akahama huku anadai kodi yake ya miezi iliyobaki. Gari la kunyonya likawa linakuja kama daladala! Mdogo wangu, anza na karo mpya, na uache njia. Ukishajaza vyumba, gari litapita wapi?

Hesabu Kwanza: Milioni 40 kwa nyumba sita utaishia kwenye boma, na iliyokuwa inakuingizia umeshaibomoa. Mkigawa iliyopo na kujenga uwani: nyumba mbili kwa 250,000 kila moja na master nne kwa 120,000 kila moja ni 980,000 kwa mwezi. Toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa wazi, toa asilimia 10 ya TRA, mamlaka ya mapato (inapigwa kwenye pango lote, si kwenye faida), unabaki na kama milioni 9.7 kwa mwaka kabla ya matengenezo. Na kila mpangaji awe na LUKU yake (mita ya umeme), ila kodi ya jengo ikikatwa kwenye mita zote omba makato ya ziada yaondolewe.

Mbishi wa Mandela Road: Mnamkatisha tamaa. Kiwanja cha mita za mraba 500 Tabata unakijaza vibanda? Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo kuwa na hati yake. Jenga, uza mbili, maliza zilizobaki.

Hesabu Kwanza: Auze boma kwa nani, mkuu?

FundiMstaafu: Mbishi ana hoja nusu. Hizo master zipange upande mmoja, kwa msingi na nguzo za ghorofa tangu mwanzo, na ramani ya kibali ioneshe ghorofa. Acha nondo zimechomoza juu, zipake zege jepesi zisiliwe na kutu. Pesa ikipatikana mnapanda bila kugusa nyumba ya mzee. Master zitapungua, labda mpate tatu badala ya nne.

Kijana wa Tabata: Tatu zinatosha. Jumamosi tunachimba kona, na karo naipimia upande wa geti.

Mama Pango: Pima na upana wa geti lenyewe.