Naomba ushauri: kuongeza nguvu kwenye gari lenye turbo

Wakuu, habari zenu. Nina Subaru Impreza WRX ya lita 2.0, gia ya manyuali, turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ile ile ya kiwandani. Ndilo gari langu la kila siku, kwa hiyo sina haja ya mashindano. Nataka tu livute vizuri zaidi kuanzia mizunguko 3,000 kwa dakika.

Fundi ananishauri nifunge kidhibiti cha busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, tupandishe presha hiyo kutoka bar 0.8 hadi 1.2, basi, kazi imekwisha. Hapo ndipo nasita. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, joto linapanda, injini inaanza kugonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda), na pistoni haichukui muda kupasuka. Tena nikikanyaga mlimani kwenye gia ya nne, tayari nasikia kwa mbali mlio kama kokoto ndani ya kopo. Ndiyo kugonga kwenyewe, au wasiwasi wangu tu?

Nafikiria kuanza na pampu ya petroli, plagi za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka) na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha kompyuta ya injini ipangwe upya kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu za gari. Natumia petroli ya okteni 95. Mpangilio huo uko sawa? Na klachi ya kiwandani itahimili? Waliowahi kufanya, tafadhali; nadharia ninazo za kutosha.