Shangani vyumba viwili au Naliendele vyumba vinne, bei karibu moja: familia ichukue ipi?

MwanaLigula:
Habari za leo wadau. Tunatafuta nyumba ya kuishi wenyewe hapa Mtwara, si ya kupangisha. Tuko sita: baba, mama, watoto watatu (wa kike wawili, wa kiume mmoja) na bibi yao.

Ya kwanza iko Shangani, hapa mjini karibu na bahari. Vyumba viwili na sebule, kiwanja mita 25 kwa 30, ina hati, maji ya bomba yamo. Ya pili iko Naliendele, vyumba vinne, kimoja masta (chenye choo na bafu ndani), kiwanja 20 kwa 20, nyumba imekaribia kukijaza. Maji ni ya kisima kilichopo uani, na karatasi iliyopo ni ya mauziano mbele ya serikali ya mtaa. Kazi zetu ziko Hospitali ya Ligula, shule za watoto ziko mjini. Bibi anataka nafasi, sisi tunawaza umbali. Tupime vipi?

FundiMsingi:
Mkuu, hiyo yenye vyumba vichache ndiyo yenye nafasi. Mita za mraba 750 dhidi ya 400. Ya Naliendele imeshamaliza kukua, ya Shangani bado.

Kuongeza chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 kwa kutumia ukuta mmoja uliopo, unajenga kuta tatu. Ukipandisha mita 3 unapata mita za mraba 31.5, toa mlango na dirisha zibaki kama 28. Tofali za inchi 6 zinaingia 9 hadi 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo weka tofali 300 pamoja na za kuvunjika. Msingi uhesabu peke yake.

Wengi huharibu kwenye maungio. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya utazama kidogo ukishabeba mzigo. Ukifungamanisha tofali mpya na za zamani, ufa unakuja palepale kwenye kiungo. Acha mwanya mwembamba kuanzia msingi hadi juu, ufunike kwa ubao au kipande cha bati. Jambo la pili ni paa: tazama maji ya bati jipya yatamwagikia wapi. Yakielekea kwa jirani, umenunua ugomvi pamoja na chumba. Na kibali cha ujenzi cha manispaa chukua kabla ya kuchimba msingi.

Shangani ina ugonjwa wake, chumvi. Kabla ya kulipa panda darini ukaangalie bati kwa ndani, hasa kwenye matundu ya misumari. Gonga linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) na nguzo kwa nyundo ndogo. Ukisikia mlio wa uwazi, au ukiona ufa mrefu unaofuata mstari wa nondo, jua nondo imeota kutu, imevimba na inalisukuma zege. Mara nyingi chanzo ni mchanga wa baharini uliotumika kwenye zege. Ufa wa namna hiyo ukiupiga plasta umeuficha tu. Kama uko kwenye linta zaidi ya mbili, shusha bei sana au achana nayo.

Pwani_Kusini:
Nakubali hesabu za fundi, ila chumba ambacho hakijajengwa hakilali mtu. Mtoto wa kiume na dada zake hawawezi kukaa chumba kimoja, na bibi naye hapaswi kulala sebuleni. Kama hela ya kuongeza chumba haipo mkononi siku ya kununua, hesabu nyumba ya Shangani kuwa ya vyumba viwili basi.

MpimaArdhi:
Niongeze upande wa maji na karatasi, maana hapo ndipo naona hatari.

Kisima na shimo la choo vitengane angalau mita 30, hasa kwenye udongo wa kichanga ambao maji machafu hupenya upesi. Kiwanja cha 20 kwa 20 hata ukipima kona kwa kona ni mita 28 na kidogo. Yaani ndani ya kiwanja hicho haiwezekani, kabla hata hujauliza shimo la jirani liko wapi. Kwa nyumba yenye mzee na watoto hilo si dogo. Ulizeni mamlaka ya maji kama bomba limefika mtaa ule na kuunganishwa ni kiasi gani.

Karatasi ya serikali ya mtaa inaonyesha mlinunua, haionyeshi kwamba kiwanja kimepimwa wala kwamba hakipo kwenye eneo la barabara. Ulizeni namba ya kiwanja na kitalu, mkalinganishe na ramani ya mipango miji. Kwa ile yenye hati, msiridhike kuiona tu: fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa mjue kama imewekwa rehani, na kama pango la ardhi lina deni. Muuzaji akiwa ana mwenza, mwenza asaini ridhaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza.

Gharama nazo: ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani ya mauzo. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya thamani ya mauzo kama hana kumbukumbu za gharama zake. Wauzaji hupenda kumsukumia mnunuzi, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba ni nani analipa.

Kuhusu umbali, Naliendele ni kama kilomita 10 kutoka mjini. Mfano tu: mtoto akitumia nauli ya shilingi 1,500 kwenda na kurudi, watatu ni 4,500 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni 873,000 kwa mwaka, na nyinyi wazazi hamjahesabiwa, wala zamu za usiku.

MwanaLigula:
Asanteni sana. Kwenye bajeti ya Shangani ingebaki milioni 6. Inatosha chumba?

FundiMsingi:
Kimoja cha kawaida kinaweza kufika kwenye bati, msipoanza na choo cha ndani. Anzeni na cha bibi: kiungane na sebule, kizingiti kiwe chini, mlango upana wa sentimita 90, na bomba la maji taka lilazwe chini ya sakafu sasa hivi hata kama choo mtajenga baadaye. Kuja kuvunja sakafu kwa ajili ya bomba ni kulipa mara mbili. Msingi uwahini kabla ya Novemba, mvua ikianza mtaro unabomoka kila siku.

Pwani_Kusini:
Kwa milioni 6 mkononi, basi Shangani, mradi nondo ziwe salama.