IST, Raum au Probox: injini ni moja, ndani ipi haichoshi?

Baba Kulwa (Mwanza)
Wakuu, heshima kwenu. Nimebakiza gari tatu za Toyota za kuchagua: IST toleo la kwanza (2002 hadi 2007), Raum ya 2003 kuja juu, na Probox. Naomba tusirudi kwenye mafuta na spea. Zote unazipata na injini ya 1NZ ya cc 1500, fundi yeyote anaijua na vifaa vimejaa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Mimi nauliza habari ya ndani. Foleni saa nzima, jua la saa nane, watoto nyuma, na mama mzee wa miguu mibovu anayetakiwa kliniki kila mwezi. Kipi kinakera, kipi mtu unakizoea?

Fundi Waya (Dar)
Naanza na kero ya zote tatu: redio. FM ya Japani miaka hiyo ilikuwa 76 hadi 90, sisi tunaenda mpaka 108. Kwa hiyo unaambulia kale kapande ka 87.5 hadi 90, kwingine kimya. Wengi hufungiwa kifaa cha kushusha masafa. Stesheni zinaingia, ila namba zinazosomeka si zake: unasikiliza 100, skrini inaandika themanini na kitu.

Ukiamua kung'oa redio uweke ya Android, pima kwanza. Tundu la redio la Toyota lina upana wa milimita 200, redio za kipimo cha kawaida ni kama 180. Inabaki nafasi ya sentimita moja kila upande. Dai redio ya 200, au vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Ukimwachia fundi wa haraka haraka atakubandikia sponji, na baada ya safari moja ya vumbi utaona mwenyewe.

Halafu usitoe betri ovyo kwenye gari yenye navi (skrini ya ramani) ya Kijapani. Ukiirudisha, skrini inaweza kudai diski ya ramani au namba ya siri, na redio imelala humo humo.

Njugu Mawe
Na yule dada anayenisalimia Kijapani kila nikiwasha gari? Mke wangu alishaanza kuuliza ni nani.

Fundi Waya (Dar)
Hicho ni kisomeo cha kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kule. Analalamika kwamba kadi haimo. Kitafute chini ya dashibodi upande wa dereva, chomoa soketi yake. Usikate waya.

Bint Mtoni (Unguja)
Nina IST, naipenda, lakini ile mita ya spidi katikati ya dashibodi jamani! Mbele ya usukani pako patupu, usiku ni kiza, unatupa jicho kushoto kama unachungulia mtihani wa jirani. Na haina siri. Kila aliyemo garini anasoma spidi yako. Mama mkwe akikaa kiti cha nyuma, taa ya mafuta anaiona kabla yangu, kisha ananyamaza. Afadhali angesema.

Mstaafu wa Gereji (Morogoro)
Bint Mtoni, wabunifu walikuwa na hoja yao. Ukitazama barabara, macho yako yamelenga mbali. Mita ikikaa mbali kidogo na juu, macho hayapati kazi kubwa kuhama kutoka barabarani kuja kwenye namba na kurudi. Hoja ya pili ni pesa. IST hiyo hiyo iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, usukani ukiwa kushoto. Mita ikikaa katikati, kuhamisha usukani kunakuwa kazi nyepesi kiwandani.

Hoja ya macho naikubali nusu. Mita ya mishale unaisoma kwa kupepesa tu. Ila Vitz ya 1999 yenye namba za dijitali, nayo katikati, ndiyo inayotuletea kazi: namba zinafifia, zinapotea, zinarudi ukigonga dashibodi. Mara nyingi ni risasi ya kuunganishia imelegea kwenye bodi ya mita. Hilo ndilo limenifanya niipende mishale.

Kaka X-Trail
Mbona mnasahau Nissan X-Trail, lile toleo la T30? Nayo ina mita katikati, na juu ya dashibodi kuna visanduku vya kupozea soda kwa hewa ya AC.

Baba Kulwa (Mwanza)
Mkuu, hiyo siyo 1NZ. Tafadhali.

Nganya (Nakuru)
Wadau, huku Kenya sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo hiyo IST ni ya kununua kwa mkono wa mtu tu. Probox bado zinaingia, basi nitaisemea. Mita iko mbele ya dereva, mahali pake. Plastiki ni ngumu, mbaya kwa macho, lakini unapangusa kwa kitambaa kibichi na vumbi limekwisha.

Zile za kuanzia 2014 zina meza ya kuvuta kutoka kwenye dashibodi, waliiweka kwa ajili ya mtu wa mauzo anayekula ndani ya gari, na mahali pa kusimamisha pakiti ya kinywaji ya lita moja. Msicheke. Magari mengi ya Kijapani ya zamani yana kishikio kilichopimiwa kopo la kahawa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu haiingii, unaiweka sakafuni, ukishuka mteremko inabingirika mpaka chini ya pedali ya breki. Hiyo si kero tena, ni ajali.

Ubaya wake: ikiwa ni ile ya van (ya mizigo), kiti cha nyuma ni chembamba, kimesimama wima, na nyingi vioo vya nyuma ni vya kuzungusha kwa mkono. Watoto watalalamika kabla hamjafika Gilgil.

Mama Neema (Dodoma)
Baba Kulwa, umetaja mama mwenye miguu mibovu na watu wamekuacha hapo. Chukua Raum. Upande wa kushoto hauna nguzo ya katikati. Ukifungua mlango wa mbele na ule wa nyuma wa kuteleza unapata uwazi wa mita moja na nusu. Na kwa kuwa Japani wanaendesha kushoto kama sisi, uwazi huo unaangalia pembeni, si kwenye magari. Mama yangu anaingia kwa kukaa kwanza, kisha anageuza miguu. Kwenye gari nyingine tulikuwa tunambeba.

Kero zipo. Kitambaa cha rangi hafifu na vumbi la Dodoma haviivi chungu kimoja, nunua kava siku hiyo hiyo. Mita nayo iko katikati.

Bint Mtoni (Unguja)
Pole mapema.

Baba Kulwa (Mwanza)
Mama Neema, asante sana dada yangu. Kuna Raum ya 2005 nakwenda kuiona Jumamosi, ina mlango wa umeme. Nikague nini?

Fundi Waya (Dar)
Ufungue na kuufunga mara nyingi, gari ikiwa imezimwa na ikiwa inaunguruma, usikilize mota inavyovuta. Kisha uuzime kwa swichi uuvute kwa mkono. Ukikwama katikati ya reli, shusha bei au ondoka. Na bonyeza swichi zote nne za vioo kutoka kwa dereva. Ile ya dereva hunyeshewa mvua, ndiyo hufa mapema.