Kumbukumbu yako ya kwanza kabisa ya nyumbani ni ipi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Nsambya

Ndugu zangu, nawaita hasa tuliokulia ndani ya Kiswahili hapa Uganda: kambini, kwenye kwota (nyumba za wafanyakazi) za reli, Bombo, mipakani. Wazee wetu wanaondoka, na wakishaondoka hatutakuwa na wa kumwuliza nani alilala wapi na nyumba ilinukia nini. Naomba kila mmoja alete kitu cha kwanza anachokikumbuka cha kwao. Sharti ni moja, kiwe ulichokiona wewe, si ulichosimuliwa. Wanaochunguza kumbukumbu wanasema wengi wetu hatubaki na karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu, na picha nyingi tunazodhani ni za umri huo tumezijenga kwa maneno ya mama zetu.

Naanza mimi. Baba alikuwa polisi, tukikaa kambi ya Nsambya, kwenye uniporti. Kwa asiyeijua, uniporti ni kibanda cha duara, bati tupu kuanzia ukuta hadi paa. Chumba kimoja, pazia katikati. Kule kitanda cha wazazi, huku sisi watoto kwenye mkeka, sufuria na jerikeni za maji miguuni petu. Mchana joto lilitutoa nje wote. Mvua ikinyesha, hata ukipiga kelele aliye karibu nawe hasikii.

Cha kwanza ninachokikumbuka ni buti. Alfajiri, baba ameketi kwenye kibao karibu na mlango, tadoba, taa ndogo ya mafuta, inawaka chini. Ameingiza mkono ndani ya buti moja, anatema mate juu ya ngozi, anazungusha kitambaa polepole. Mimi nimelala kifudifudi namchungulia kwa chini ya pazia. Aliponiona hakunigombeza. Alinipa buti ya pili niishike mpaka amalize ile ya kwanza. Najua hili ni langu kwa sababu tuliokuwa macho ni sisi wawili, na baba hakuwa mtu wa kusimulia.

Hayo mengine, ya kula kwa Waacholi malakwang, kwa Wateso atapa, kisha kurudi kwetu kwenye posho (ugali) na maharagwe na kujifanya bado tuna njaa, yalikuja baadaye. Karibuni.

Binti Bombo

Asante kaka kwa kuliwazia hili. Mimi ni Mnubi wa Bombo. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka minne. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili na utawala wa Idi Amin ukaondolewa, watu wetu wengi walikimbilia kaskazini, wengine wakavuka hadi Sudan na Zaire. Kila nikitaja mwaka huo, anayenisikiliza hutaka nimweleze mabomu. Sikumbuki bomu hata moja.

Namkumbuka haboba, mama yake mama, na sanduku lake la bati. Amelifungua sakafuni, ametoa kila kitu. Kitandani amepanga tabaga zake, vile vifuniko vya chakula vya kusuka vyenye rangi, alivyovitengeneza tangu ujana wake. Anakiinua kimoja, anakigeuza, anakirudisha. Anakichukua kingine. Mama anamwambia afanye haraka, yeye hajibu. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda hichohicho, nguo mbili nimevalishwa moja juu ya nyingine, najisikia joto, na ninachosubiri ni kuona haboba atachagua ipi. Alichagua yenye nyekundu na nyeusi, akaifunga ndani ya shuka. Nyingine alizirudisha sandukuni, akalifunga kwa ufunguo, na ufunguo akauvaa shingoni.

Lori tulilopanda nalijua kwa kusimuliwa. Usiku tuliolala porini nao nimesimuliwa. Sanduku nililiona.

Tuliporudi miaka mingi baadaye, nyumba ilikuwa haina mlango wala bati. Sanduku halikuwapo. Haboba aliendelea kuuvaa ufunguo ule mpaka alipofariki, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Ni jambo linaloniuma hadi leo, maana nadhani angependa kuulizwa.

Busia Damu

Pole sana dada. Ile tabaga moja mliyoondoka nayo bado ipo?

Binti Bombo

Ipo kwa mama yangu. Rangi zimepauka, pembeni imeanza kufumuka. Siku ya Idi ndiyo inayofunika chakula, na haruhusu ifunike kitu siku nyingine.

Mzee wa Kwota

Salaam wote. Baba yangu alifanya kazi ya reli Tororo, pale njia ilipogawanyika, moja ikienda Jinja na Kampala, nyingine ikipanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu hadi Pakwach. Usiku kucha mabehewa yalikuwa yakipangwa, chuma kinagongana na chuma. Mgeni akija kwetu halali. Sisi kilichotuamsha ni ukimya, treni isipokuja.

Nje ya mlango wetu ulionekana mwamba wa Tororo. Niliamini kila mji una mwamba wake, na nilipopelekwa Jinja mara ya kwanza niliuliza wao wameuweka wapi.

Lakini cha kwanza kabisa ni karai. Tulipakana ukuta na familia ya Waluo kutoka Kenya, baba zetu wakifanya kazi zamu moja. Mama wa pale alituogesha mimi na mwanawe kwenye karai moja jioni, uani, kwa maji ya jua. Alikuwa anatusugua magoti kwa jiwe, mimi nalia, mwanawe ananicheka, kisha zamu yake inafika naye analia. Mama yangu mzazi anakatakata mboga hatua chache kutoka hapo na hana wasiwasi. Hivyo ndivyo kwota zilivyokuwa: jioni mtoto aliogeshwa na yeyote mwenye maji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na reli nayo ikagawanywa. Nilikuwa wa miaka mitano au sita, sikujua lolote la serikali. Nilichokiona ni kufuli kwenye mlango wa jirani. Karai limeegemezwa ukutani kwetu, wametuachia. Nikamwuliza mama wamekwenda wapi, akasema wamerudi kwao. Nilimbishia, kwa sababu nilijua kwao ni pale.

Wanasiasa wameandika mengi kuhusu kuvunjika kule: madeni, ndege, mipaka kufungwa. Yaliyotokea ndani ya kwota sijaona mtu ameyaandika. Kama kuna mtoto wa reli aliyerudi Kisumu au Nakuru mwaka ule na anasoma hapa, namwomba aseme kitu.

Mgodini

Kilembe. Baba alichimba shaba. Ninachokumbuka ni mama amekaa na sufuria iliyofunikwa, chakula kimeiva, hapakui. Anasikiliza njiani. Akisikia kikohozi cha baba, anafunua. Sauti ya mto Nyamwamba ilikuwa nyuma ya kila kitu. Mafuriko ya Mei 2013 yalizoa nyumba nyingi za wafanyakazi, yetu ikiwamo, kwa hiyo siwezi kwenda kuwaonyesha wanangu mahali penyewe.

Busia Damu

Kwetu baba alikuwa boda wa baiskeli, akivusha watu kati ya Busia yetu na Busia ya Kenya. Mto wa nyuma wa kukalia abiria mama aliushona mwenyewe kwa sponji na gunia, akaufunika nailoni kwa ajili ya mvua.

Usiku baba aliimwaga hela mkekani. Kazi yangu, na ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza, ilikuwa kutenganisha. Zenye kichwa cha Moi upande huu, zetu upande ule. Sikujua kuhesabu, nilijua sura. Za Kenya mama aliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, za hapa alizifunga kwenye pindo la leso. Ada ya shule ilitoka kwenye kopo.

Kijana wa Mbale

Kaka wa Nsambya, sharti lako limenisumbua wiki nzima. Ninachokumbuka cha kwanza ni ngoma za kadodi, mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, nimebebwa mabegani na babu ili niwaone vijana waliojipaka unga. Nimeshikilia kofia yake nisianguke. Nimeisimulia hivyo maisha yangu yote.

Jana nimemwuliza mama. Anasema haiwezekani, babu alikuwa ameshafariki. Aliyenibeba ni baba mdogo. Nilibishana naye sana, mpaka akaniuliza: ulimwona uso? Na kweli, aliyekubeba mabegani humwoni uso. Nilichokuwa nacho ni kofia. Ilikuwa ya babu, na baba mdogo ndiye aliyerithishwa.

Sasa hiyo yangu tuihesabu au tuitoe?

Mtoto wa Nsambya

Tuihesabu, ndugu yangu. Nimeisoma mara kadhaa. Kofia uliishika wewe, hakuna anayeweza kukunyang'anya. Nalegeza sharti: leteni hata zilizochanganyika, ila mseme kipi mlikiona na kipi mliongezewa, na mzazi akiwapo hai mpigieni kabla ya kuandika.

Mzee wa Kwota, nimemtumia ujumbe wako rafiki yangu wa Kisumu ambaye baba yake alikuwa dereva wa treni. Akijibu nitauleta hapa. Arua, Moroto na Hoima bado hamjafika.

Jirani wa Arua

Arua nipo. Yangu ni ya kisima na dada yangu mkubwa. Mwaka siujui vizuri, nampigia kesho kwanza.